Akiba ya uzeeni ipangwe kwa tarehe ya kutumika, si kwa faida ya mwaka jana

Ndugu Mhariri,

Tangu mwaka 2018, hakuna jambo linalohusu uzee wetu ambalo watumishi wa nchi hii tumelijadili kuliko kikokotoo cha mafao, yaani kanuni ya kukokotoa malipo ya mstaafu. Tulilijadili kanuni mpya zilipoweka mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, wa asilimia 25 ya mafao, tukalijadili Rais Magufuli alipozisitisha kanuni hizo mwishoni mwa mwaka huo huo, tukalijadili kiwango cha asilimia 33 kilipoanza kutumika Julai 2022, na tukalirudia bajeti ya mwaka 2024/25 ilipopandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu ya mafao yake kwa mkupuo, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata robo. Mjadala huo ulikuwa halali na nisingependa ufungwe. Naomba tu nafasi katika gazeti lako nizungumzie swali ambalo kelele za kikokotoo zimelifunika: mtu aliyefikisha miaka 50 au 55, ambaye kwa jasho lake amejiwekea akiba ya uzeeni nje ya mchango wake wa lazima wa PSSSF au NSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma na ule wa wafanyakazi wengine), azihamishe vipi fedha hizo, na aziweke wapi, kadiri siku ya kustaafu inavyokaribia?

Nimefanya kazi ya uhasibu katika halmashauri maisha yangu yote ya utumishi, na tangu nistaafu walimu, wauguzi na maofisa ugani wanaokaribia kuondoka kazini huja kwangu na karatasi zao. Karibu wote huanza na swali moja: mfuko gani unalipa zaidi? Naamini kwamba swali hilo, kwa mtu wa umri wao, limekaa mahali pasipo pake, na ndilo linalowapeleka wengi kwenye uamuzi mbaya.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu tutabaki kwenye hisia. Chukua mtumishi ambaye wastani wa mishahara yake mitatu mikubwa ya mwaka unalingana na shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, na amechangia kwa miezi 360. Kwa kanuni inayozidisha mshahara huo wa mwaka kwa miezi ya kuchangia kisha kugawa kwa 580, pensheni yake kamili kwa mwaka inakuwa takriban shilingi milioni 8.94. Asilimia 40 ya kiasi hicho, ikizidishwa kwa 12.5 iliyowekwa na kanuni, inampa mkupuo wa karibu shilingi milioni 44.7, na asilimia 60 inayobaki inampa kama shilingi 447,000 kila mwezi. Mtu huyu alikuwa akipanga maisha kwa mshahara wa milioni 1.2, hata kama sehemu ilikuwa ikikatwa kabla haijamfikia, na sasa atayapanga kwa kiasi ambacho ni kidogo kuliko asilimia 40 ya mshahara huo. Pengo hilo ndilo kazi ya akiba binafsi. Akiba hiyo haikuwekwa ili ishinde mashindano ya faida, bali iliwekwa ili ijaze pengo la kila mwezi kwa miaka 20 au zaidi, na kazi hiyo ina masharti tofauti kabisa na ya akiba ya kijana wa miaka 30.

Kijana wa miaka 30 aliyenunua hisa au vipande (sehemu za umiliki) vya mfuko wa uwekezaji wenye hisa nyingi anaweza kukaa kimya bei zinaposhuka, kwa sababu mshahara wake unaendelea kumlisha na muda uko upande wake. Mtu wa miaka 59 hana anasa hiyo. Mfano upo hapa hapa nyumbani. Hisa za Benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Miaka michache baadaye zilipanda hadi zaidi ya shilingi 400, na wakati huo kila aliyekuwa nazo alijiona tajiri. Mwaka 2019, miaka 10 tangu mauzo yale ya awali, bei sokoni ilikuwa chini ya shilingi 150 zile za mwanzo. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa imeshapita shilingi 500. Sasa wafikirie watu wawili walionunua siku moja, idadi ile ile, benki ile ile: mmoja akastaafu 2019 akalazimika kuuza ili alipe karo ya mwanawe wa mwisho na kumalizia nyumba, mwingine akastaafu 2024. Wote wawili walichagua kampuni nzuri, na aliyeumia hakuumizwa na kampuni, aliumizwa na tarehe. Zaidi ya hapo, Soko la Hisa la Dar es Salaam bado ni dogo, na baadhi ya hisa zinaweza kukaa muda mrefu bila mnunuzi wa maana, kwa hiyo bei unayoisoma gazetini si lazima iwe bei utakayolipwa wiki unayohitaji fedha.

Hasara ya miaka ya kwanza ya kustaafu ina ubaya wa pekee unaostahili kuelezwa polepole. Mtu ana shilingi milioni 30 katika uwekezaji wa hisa na anapanga kuchukua milioni 3 kila mwaka. Bei zikishuka kwa asilimia 30 mwaka wa kwanza, anabaki na milioni 21, na akichukua milioni 3 zake anabaki na milioni 18. Ili arudi kwenye milioni 30, soko sasa linapaswa kupanda kwa karibu asilimia 67, na wakati huo huo yeye anaendelea kuchota. Anguko lile lile likitokea akiwa kazini, hachukui chochote, na anahitaji soko lipande kwa asilimia 43 tu, tena bila haraka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila shilingi ya akiba ya uzeeni ipewe tarehe ya kutumika kabla haijapewa mahali pa kukaa.

Kwa wanaokuja kwangu, huwa nawaomba waandike matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja kwa ukweli, bila kuficha michango ya misiba na harusi, kisha watoe pensheni wanayoitarajia. Kinachobaki ni pengo. Pengo la miaka miwili au mitatu ya kwanza ni fedha ambazo haziruhusiwi kuyumba, na mahali pake ni pale zinapopatikana ndani ya siku chache za kazi na ambapo hakuna hisa kabisa, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au dhamana za serikali za muda mfupi, au sehemu katika amana ya muda maalumu benki, ukikumbuka kwamba riba ya amana hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Pengo la mwaka wa nne hadi wa kumi lina nafasi ya kutulia kwenye hati fungani za serikali, yaani mikopo tunayoikopesha serikali ikatulipa riba, zinazoiva (kurudisha mtaji) kwa zamu. Fedha ambazo hazitaguswa mpaka mtu apite miaka 70 zinaweza kuendelea kukaa kwenye mfuko mchanganyiko kama wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 na unaoruhusiwa kuweka hadi nusu ya mali zake kwenye hisa.

Wapo watakaosema hisa zote ziuzwe siku ya kustaafu ili mzee alale usingizi. Siwaungi mkono. Mtu anayestaafu akiwa na miaka 60, Mungu akimjalia, anaweza kuishi miaka 20 au 25 mingine, na adui wake mkubwa kwa muda huo ni mfumuko wa bei. Miaka ya karibuni mfumuko umekaa kati ya asilimia 3 na 4, na tumezoea kuuona mdogo, lakini Desemba 2011 ulikaribia asilimia 20, na wastaafu wa wakati huo wanakumbuka kilichotokea kwenye bei ya unga na mafuta ya taa. Hata kwa asilimia 4 tu, bei huwa maradufu katika miaka kama 18. Zile shilingi 447,000 zisipoongezwa, zitanunua nusu ya vitu mstaafu wetu akiwa na miaka 78, umri ambao gharama za dawa huwa hazipungui. Sehemu ya akiba lazima iendelee kukua.

Hapa nifike kwenye hati fungani, ambazo watu wengi wanazisifu bila kuzielewa. Serikali kupitia Benki Kuu huuza hati za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25, kiwango cha chini cha kuomba ni shilingi milioni moja, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Hati ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95, na mwaka uliofuata hati mpya za muda huo huo zilishushwa hadi asilimia 12.56. Wengi walilalamika, wakaishia kununua kwa sababu bado ilikuwa juu ya riba ya benki. Lakini ni wangapi waliojiuliza kwamba mwenye miaka 60 anayenunua hati ya miaka 25 atarudishiwa mtaji wake akiwa na miaka 85?

Ataniambia kwamba anaweza kuiuza sokoni kabla ya hapo. Ni kweli, ila bei yake haitakuwa ile aliyonunulia. Tuseme ana hati ya asilimia 12.56 yenye miaka 25 mbele yake, halafu wanunuzi wanaanza kudai asilimia 15.95. Kwa hesabu, kila shilingi 100 za hati hiyo zitauzika kwa karibu shilingi 79. Kama hati ile ingekuwa imebakiza miaka miwili tu, mabadiliko yale yale ya riba yangeishusha hadi shilingi 94 hivi. Kinyume chake pia ni kweli: waliozishika zile za asilimia 15.95 na riba ikashuka walijikuta na mali iliyopanda thamani. Serikali ni ile ile, ahadi ya kulipa ni ile ile, lakini urefu wa muda peke yake unatofautisha hasara ya shilingi 21 na ya shilingi 6. Mtumishi anayeambiwa kwamba hati fungani hazina hatari ameelezwa nusu ya jambo.

Sisemi mstaafu asinunue hati ndefu. Kwa mtu ambaye tayari ameshatenga fedha za miaka ya mwanzo, na ambaye anachotaka ni riba isiyobadilika ya kuongezea pensheni, hati ya miaka 20 au 25 ni chaguo la heshima, mradi asitegemee kuuza. Ninachopinga ni kumwona mwalimu akiweka mkupuo wote kwenye hati moja ya miaka 25 kwa sababu ndiyo yenye riba kubwa zaidi kwenye tangazo, kisha baada ya miezi minane mke wake akaugua na yeye akaanza kumtafuta dalali wa kuiuza kwa bei yoyote. Mtu huyo angeligawa fungu lake, likawa na hati za miaka 2, 5, 7 na 10, asingepata riba ya juu kabisa, lakini kila baada ya miaka michache sehemu ya mtaji ingemrudia mkononi, na angeamua upya kwa viwango vya wakati huo. Akizichagua hati zenye miezi tofauti ya kulipa riba, anaweza pia kupata kipato kila baada ya miezi michache badala ya kungoja nusu mwaka. Kwa asiyetaka usumbufu wa minada, Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, ulioanzishwa mwaka 2019, humpa nafasi ya kupokea gawio kwa vipindi huku mtaji ukibaki, ila ajue kwamba hata thamani ya kipande inategemea hati zilizomo.

Wasomaji Waislamu wanaojiepusha na riba wana njia chache zaidi, na wanastahili kuhudumiwa vizuri kuliko sasa. Sukuku (hati za uwekezaji zisizo na riba), hisa za kampuni zinazokubalika na nyumba za kupangisha ndizo wanazozitegemea, na kanuni ya tarehe inawahusu vile vile, pengine zaidi, kwa kuwa nyumba haiuziki chumba kimoja kimoja pale mzee anapohitaji fedha za hospitali.

Kuhusu muda wa kuhama, ushauri wangu ni kuanza miaka 7 au 10 kabla, na kwenda hatua kwa hatua. Mtu wa miaka 52 mwenye akiba yote kwenye mfuko wenye hisa anaweza kila mwaka, mwezi ule ule, kuhamisha sehemu ndogo kwenda kwenye hati fungani na baadaye kwenye ukwasi, bila kujali magazeti yanasema nini kuhusu soko mwezi huo. Atauza nyingine bei ikiwa juu na nyingine ikiwa chini, lakini hatalazimika kuuza zote katika mwaka mmoja mbaya. Mpango huo uzingatie pia umri halisi wa kuondoka. Sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55 na inalazimisha kwa wengi ifikapo miaka 60, na anayewaza kuondoka akiwa na miaka 56 amepoteza miaka minne ya maandalizi kama alipanga kwa 60.

Mkupuo wenyewe nao uamuliwe kabla haujafika. Siku fedha zinapoingia kwenye akaunti, habari huenea kwa namna isiyoelezeka, na kabla ya wiki kuisha mstaafu ameshaletewa shamba la parachichi, bajaji tatu, mradi wa kuku na mpwa mwenye wazo la biashara. Kuna wakati mawazo hayo huwa mazuri. Ila mtu aliyeandika mapema kwamba milioni 15 ni za ukwasi, milioni 20 ni za hati fungani na zilizobaki ni za kumalizia nyumba ana jibu la kumpa mpwa wake, na asiye na karatasi hiyo hana. Ashirikiane na mwenzi wake kuiandika, na ahakikishe majina ya warithi katika mifuko na akaunti zote ni ya watu walio hai.

Wanaokuja na ahadi za faida kubwa kwa muda mfupi wanafahamu vizuri mwezi ambao walimu hulipwa mafao. Nchi hii iliona DECI, mpango wa upatu wa piramidi, mwaka 2009, na watu walipanga foleni kuipa fedha zao kwa sababu majirani waliotangulia walikuwa wamelipwa. Anayekuletea uwekezaji akuoneshe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, nawe uipeleke kwenye ofisi za Mamlaka wakuthibitishie. Hata benki zenye leseni zina mipaka. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo, wakati ambao bima ya amana ilifidia mteja hadi shilingi milioni 1.5 tu. Kiwango hicho kimepandishwa hadi milioni 7.5, jambo jema, lakini mwenye milioni 40 katika akaunti moja bado ana sehemu kubwa isiyolindwa na bima hiyo.

Nina maombi matatu, Ndugu Mhariri, na nayatoa nikijua kwamba wahusika wanasoma gazeti hili. La kwanza ni kwa PSSSF, NSSF na waajiri. Semina za wastaafu watarajiwa zinazofanyika miezi michache kabla ya mtu kuondoka zimechelewa kwa jambo ninalolizungumzia hapa, kwa kuwa wakati huo aliye kwenye hisa ameshabaki na nafasi moja tu ya kuuza. Mtumishi akifikisha miaka 50 apewe makadirio ya mkupuo na pensheni yake ya mwezi kwa maandishi, na arudishiwe makadirio hayo kila mwaka, ili apime pengo lake akiwa bado na uwezo wa kulifanyia kazi. Hesabu niliyoionesha hapo juu haichukui dakika tano kwa mwenye takwimu.

La pili ni kwa mameneja wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kuanzia UTT AMIS hadi kampuni binafsi zilizoingia karibuni. Tunayo mifuko ya watoto, ya kujikimu, ya ukwasi na ya hati fungani, na nawapongeza kwa hilo. Katika nchi nyingine ipo mifuko inayolenga mwaka wa kustaafu, ambayo yenyewe hupunguza hisa na kuongeza hati fungani kadiri mwaka huo unavyokaribia, na mwanachama hahitaji kukumbuka lolote. Mfuko wa namna hiyo kwa watakaostaafu mwaka 2035 au 2040 ungewafaa maelfu ya watumishi ambao hawana muda wala ujuzi wa kupanga upya kila mwaka. Wakati tukiusubiri, matangazo yanayoonesha faida ya mwaka uliopita kwa herufi kubwa yaeleze pia, kwa herufi zenye ukubwa ule ule, fedha hizo zinafaa kukaa kwa muda gani na ni kiasi gani cha mali kilichoko kwenye hisa.

La tatu ni kwako na wahariri wenzako. Kila mnada wa hati fungani mnatuandikia riba iliyopatikana na kiasi kilichoombwa. Naomba pembeni ya habari hiyo muwe mnaandika kwa lugha nyepesi mwaka ambao hati hiyo itaiva na umri atakaokuwa nao siku hiyo mtu wa miaka 55. Nafasi ya mistari miwili inatosha, na watumishi watakaostaafu ndani ya miaka mitano ijayo ndio wa kwanza watakaoihitaji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhasibu mstaafu,
Morogoro